KEZIA: BINTI ALIYEITWA KWA JINA LA KIUNGO

Andiko la msingi: Ayubu 42:10-17
Masomo mengine: Kutoka 30:22-33, Hesabu 27:1-11, Zaburi 45:6-8

 

Wapendwa, ujumbe huu ulianzia hapa hapa kanisani, Jumapili ile tulipokuwa tunaweka watoto wakfu. Mama mmoja alisimama mbele na binti yake wa miezi mitatu. Nikamwuliza kama kawaida, "Mtoto anaitwa nani?" Akasema, "Kezia." Nikauliza tena, "Na maana yake?" Akanyamaza kidogo, halafu akajibu, "Pasta, ni jina la cucu yake." Kanisa likacheka, nami nikacheka, tukaomba, tukaendelea na ibada.

Baada ya ibada mzee mmoja akanishika mkono pale mlangoni. Akaniambia, "Pasta, umemwuliza yule mama maana ya jina. Na wewe unaijua?" Ndugu zangu, sikuijua. Na kwetu sisi jina hili si geni. Shangazi yangu anaitwa hivyo. Bibi aliyemzaa baba yangu naye aliitwa hivyo. Nimekua nikilisikia likiitwa shambani, sokoni na kanisani, na hata siku moja sikuwahi kuuliza limebeba nini ndani.

Basi nikaenda kutafuta. Nilidhani nitapata maelezo ya dakika tano ya kumjibu mzee. Nilichopata kimenisumbua usingizi wiki nne, na kimenirudisha nyumbani kwetu kwenda kutengeneza jambo nililoharibu kwa mikono yangu. Hebu twende pamoja.

1. JINA LIMETOKA WAPI

Kezia ni jina la Kiebrania. Katika Biblia nzima kuna mwanamke mmoja tu mwenye jina hili, naye ni binti wa pili wa Ayubu, kati ya wale aliowapata baada ya mateso yake. Wa kwanza ni Yemima, wa pili Kezia, wa tatu Keren-Hapuki. Wengi huelewa Yemima kuwa ni njiwa. Keren-Hapuki ni pembe ya wanja, ule wanja wa machoni ambao zamani uliwekwa ndani ya pembe. Na Kezia ni kasia, gome la mti linalonukia, ndugu wa karibu kabisa wa mdalasini. Ndiyo, mdalasini ule ule unaoutia kwenye pilau na kwenye chai ya masala.

Nilipomwambia mke wangu, akacheka akasema, "Kumbe shangazi anaitwa Masala!" Lakini usicheke haraka. Zamani kiungo hiki hakikuwa kitu cha kununua kwa pakiti dukani. Kilitoka mbali na kilikuwa mali. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kasia huota ziwani, na kwamba wanaoichuma hujifunika ngozi mwili mzima na kuacha macho tu, kwa sababu inalindwa na wanyama wenye mabawa wanaofanana na popo. Mimi nimesomea biashara, na hadithi kama hiyo naielewa vizuri. Mfanyabiashara hapendi mteja ajue mzigo unatoka wapi, la sivyo ataenda kununua mwenyewe!

Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 baada ya Kristo kinataja kasia ikipakiwa melini katika bandari za pwani ambayo leo ni Somalia. Kwa hiyo harufu hii imepita karibu na sisi kwa muda mrefu sana. Hata neno letu mdalasini limekuja kwa njia hiyo ya biashara. Limetoka kwa Waajemi, likapitia kwa Waarabu, na kwa asili maana yake ni mti wa Uchina. Na kasia tunayoijua leo ni mti wa huko Uchina kweli.

Sasa tazama Mungu mwenyewe alivyoitumia. Katika Kutoka 30 anampa Musa vipimo vya mafuta ya upako: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, kisha mafuta ya zeituni. Hiyo kida ndiyo wafasiri wengi huiita kasia. Shekeli 500 ni karibu kilo 6. Yaani kasia ilipimwa sawa na manemane, na mara mbili ya mdalasini. Kiebrania pale kinatumia neno jingine, lakini kiungo kinachotajwa ni cha jamii hiyo. Kuhani alipopita, ulijua kwa pua kabla hujamwona.

(Na wacha niseme hili kabla sijasahau. Mafuta yale Mungu alikataza yasiigwe, soma mstari wa 32 na 33. Mtu akikujia na kichupa akuuzie upako wa kasia kwa shilingi elfu mbili, mwambie Pasta amekataa. Ukitaka mdalasini, nenda dukani.)

2. HARUFU HII HUTOKA KWA KUKWANGULIWA

Wajuzi wengi wa Kiebrania hulihusisha jina hili na tendo la kukata au kukwangua. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo kiungo kinavyopatikana. Tawi hukatwa, ngozi ngumu ya nje ikakwanguliwa, gome la ndani likabanduliwa, likaanikwa likauke. Likikauka linajikunja lenyewe, mpaka liwe kama kile kijiti unachokiona sokoni. Ukipita karibu na mti wenyewe, hausikii sana. Mti ukiwa mzima unaficha. Ukiukwangua, mtaa mzima unajua.

Sasa rudi Ayubu 2:8. Ayubu amekaa majivuni. Majipu yamemshika tangu wayo wa mguu hadi utosi. Mkononi ana nini? Ana kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, anajikuna nacho, anajikwangua ngozi yake mwenyewe. Neno la Kiebrania la pale si lile la jina la binti yake, sitaki kukudanganya. Lakini kitendo ni kile kile. Mtu aliyejikwangua kwa kigae, mwisho wa kitabu anamshika mtoto mchanga mikononi na kumwita jina la kitu kinachonukia kwa kukwanguliwa.

Na si hilo tu. Miti hii ya mdalasini na kasia, ukiikata karibu na ardhi haifi. Kisiki huchipuka machipukizi mapya, na wakulima huyangoja hayo ili wavune tena. Ayubu alilijua jambo hili juu ya mti. Katika sura ya 14, akiwa bado katikati ya maumivu, alisema mti uliokatwa bado una tumaini, kwamba hata mzizi ukizeeka chini ya udongo, ukipata tu harufu ya maji utachipuka. Aliyasema hayo kwa uchungu, akilia kwamba mwanadamu hana bahati ya mti. Hakujua kwamba anatabiri habari zake mwenyewe.

Ndugu, dada, pengine wiki hii umekwanguliwa. Umepoteza kazi. Daktari amekwambia neno ambalo hujamwambia hata mwenzako nyumbani. Sikwambii kwamba kukwanguliwa ni kuzuri. Ayubu hakukufurahia, alilia sura thelathini na kitu, na Mungu hakumkemea kwa sababu ya kulia. Ninachokwambia ni kwamba Mungu wetu hajawahi kukosa la kufanya na kisiki.

3. ALIYENUKA NDIYE ALIYETOA JINA LA KUNUKIA

Kuna mstari mmoja watu huupita haraka, Ayubu 19:17. Hapo Ayubu analia kwamba hata pumzi yake imekuwa chukizo kwa mke wake. Fikiria. Ugonjwa umefika mahali mke anageuza uso. Watumishi hawamwitikii. Ndugu wamekaa mbali. Mwanaume ananuka, na anajua kwamba ananuka.

Huyo ndiye aliyekuja kumwita binti yake Kezia.

Kila alipomwita yule mtoto, "Kezia, njoo," alikuwa anatoa ushuhuda. Jirani aliyekumbuka majivu na majipu aliposikia jina hilo likiitwa uani, alijua Mungu ametenda. Sisi tunasimama kushuhudia dakika tatu tunakaa. Ayubu alishuhudia kila asubuhi kwa kumwita mtoto chai.

Na wewe uliyezika mtoto, naomba usinielewe vibaya. Soma vizuri: mifugo ya Ayubu iliongezwa mara mbili, kondoo kutoka 7,000 hadi 14,000, ngamia kutoka 3,000 hadi 6,000. Watoto hawakuongezwa mara mbili. Aliwapoteza 10, akapata 10. Mtoto si ng'ombe wa kubadilishwa na mwingine. Wale wa kwanza Mungu bado alikuwa anawahesabu. Kezia hakuja kufuta kaburi la mtu.

Historia ya kanisa nayo ina Kezia wake. John Wesley, aliyeanzisha Umethodisti, alikuwa na dada mdogo kuliko dada zake wote aliyeitwa Kezia. Februari 1709 nyumba yao huko Epworth, Uingereza, iliteketea kwa moto, na John akiwa mtoto wa miaka 5 akaokolewa kupitia dirishani. Mama yao alikuwa mja mzito. Mwaka huo huo, baada ya moto, akazaliwa binti, wakamwita Kezia. Baba yao, Samuel, ndiye aliyetumia miaka mingi kuandika kitabu kikubwa cha Kilatini juu ya Ayubu. Nyumba imekuwa majivu, mtoto amezaliwa, baba anafungua Ayubu 42. Jina halikuokotwa.

4. JINA BILA URITHI NI BARAKA NUSU

Hapa ndipo Neno liliponikamata mimi.

Angalia mstari wa 15. Ayubu hakuishia kuwapa binti zake majina mazuri. Aliwapa urithi pamoja na ndugu zao. Soma tena: pamoja na ndugu zao. Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walikwenda mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Lakini wale hawakuwa na kaka. Sheria iliyotoka pale ilisema binti arithi ikiwa hakuna mwana. Ayubu alikuwa na wana 7! Hakuna aliyemlazimisha. Hakupelekwa kortini. Alitoa tu. Na ajabu nyingine, wale wana 7 Biblia haiwataji majina hata mmoja. Mabinti watatu wametajwa wote.

Sasa wacha nikiri. Babu yangu alipolala, aliacha ekari 6. Alikuwa na wana wanne na binti mmoja, huyo shangazi anayeitwa Kezia. Shangazi aliolewa, mambo yakamshinda kule, akarudi nyumbani. Ndiye aliyemwosha babu na kumlisha miaka yake mitatu ya mwisho. Familia ilipokaa kugawa, wazee walisema, "Kijana ana digrii ya biashara, atupigie hesabu." Nikafungua kompyuta. Ekari 6 gawanya kwa 4. Ekari moja na nusu kila mmoja. Nikatengeneza jedwali safi, lina rangi, nikalichapisha nikagawa nakala. Shangazi akatuletea chai. Aliweka kikombe mbele yangu akasema, "Kunywa, Baba."

Baba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, kwa hiyo shangazi ananiita Baba tangu nizaliwe. Mimi ndiye jina la baba yake. Na mimi, Baba, nilikuwa nimeketi na jedwali ambalo jina lake halimo.

Hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza. Na Jumapili iliyofuata nilihubiri hapa juu ya upendo, mkasema amina.

Basi nilipofika mstari wa 15 nikijiandaa kumjibu yule mzee, nilifunga Biblia. Halafu nikafungua tena ile hesabu. Ekari 6 gawanya kwa 5 ni 1.2. Tofauti ni ekari 0.3 kwa kila mwanaume. Hiyo ndiyo bei tuliyoweka. Kwa ekari 0.3 kila mtu, tulikuwa tayari binti wa baba yetu awe mgeni nyumbani kwao.

Wapendwa, sheria ya nchi hii haiko nyuma ya Ayubu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inasema mtoto, haisemi mtoto wa kiume. Katiba ya 2010 kifungu cha 60 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Tunajua. Ni kwamba tunapofika kwenye shamba tunakuwa watu wa mila kuliko tulivyo watu wa Neno. Siku ya harusi tunaimba "binti yetu", siku ya kugawa tunasema "huyo ameolewa." Na akirudi tunasema "huyo alirudi."

Nilimpigia baba simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi." Nilikwenda na jedwali jipya, mistari mitano. Nilimwomba shangazi msamaha mbele ya ndugu zake. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Kwani ni nani aliyekwambia?" Nikamwambia, "Ni jina lako, shangazi." Baba yangu amekubali, na baba wadogo wawili wamekubali. Mmoja bado. Anasema nimeleta mambo ya kanisa kwenye shamba. Sina ushuhuda uliokamilika wa kuwapa leo, kesi hii bado iko mezani kwetu. Naomba mtuombee, na naomba mumwombee yeye kwa upendo, maana hata mimi miezi michache iliyopita nilikuwa upande wake.

5. HARUFU YA MFALME

Nimalizie hapa. Nimesema Kezia ni mmoja tu katika Biblia. Lakini neno lenyewe, kama jina la kiungo, linatokea mahali pengine pamoja, Zaburi 45:8. Ni wimbo wa arusi ya mfalme, na mavazi ya mfalme yananukia manemane, udi na kasia. Waraka kwa Waebrania, sura ya 1, unachukua maneno ya zaburi hiyo hiyo, mistari miwili iliyotangulia, na kusema yanamhusu Mwana. Huyo ni Yesu!

Yesu alivuliwa nguo. Alichapwa mpaka ngozi ikachanika. Alikatwa kutoka nchi ya walio hai, na siku ya tatu kisiki kikachipuka. Ndiyo maana mavazi yake yananukia. Na Paulo katika 2 Wakorintho 2:15 anasema sisi tuliookoka ni harufu ya Kristo mbele za Mungu. Na ametupa urithi pamoja naye, sisi tusio na haki ya urithi. Warumi 8:17. Hakutuita watoto halafu akatuacha nje ya jedwali.

Basi mtu aliyeandikwa urithi kwa neema, anawezaje kumfuta dada yake kwenye ekari sita?

Yule mama wa mtoto nimeshamjibu. Nilimwambia, "Kezia ni kiungo cha mafuta ya upako na cha mavazi ya Mfalme. Na ni binti aliyepewa urithi pamoja na ndugu zake." Alimwangalia mtoto, akasema, "Basi Pasta, mwambie na baba yake."

Nikamwambia.

MAOMBI

Baba katika jina la Yesu, asante kwa kuwa hutupi kisiki. Waguse waliokwanguliwa wiki hii, wapate harufu ya maji. Utusamehe sisi tuliowapa binti zetu majina mazuri tukawanyima nafasi. Utupe ujasiri wa kufungua upya hesabu tulizozifunga. Kwa asiyekujua Yesu, amwite leo, naye ataandikwa. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Jina lako lina maana gani, na ni nani aliyelibeba kabla yako? Kila mmoja aeleze kwa ufupi.
2. Kwa nini unadhani Biblia inawataja mabinti wa Ayubu kwa majina na si wana wake?
3. Katika familia yenu, kuna mtu aliyeachwa nje ya hesabu? Nani anaweza kuanza mazungumzo, na lini?
4. Andiko la kukariri wiki hii: Ayubu 42:15.